Faili Moja Isiyohitaji Ruhusa ya Mtu

Kila nikimsikia mtu akisema kwamba zana fulani ya kuandikia programu ni rahisi, huwa namuuliza: rahisi kwa nani? Kwa anayeandika, kwa anayeisafirisha, au kwa yule atakayekaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akimwomba Mungu isigande? Dukani kwangu Ukunda, ambako natengeneza kompyuta za watu na kuwachapishia vyeti vyao, vijana wa vyuo huja kunishauri bila kuombwa. Hunitajia zana mpya, na kila mwaka majina ni mengine. Nawasikiliza, nawakaribisha maji, kisha nawaambia mimi nilishachagua zamani. Siwaambii kilichotokea baada ya kuchagua. Leo nitakisema, maana watu wa kwetu wakiona umenyamaza hudhani umesamehe.

Dada yangu mkubwa alikuwa opereta wa simu katika hoteli moja ya Diani, zile za ufukweni zenye kuta ndefu na bustani zinazomwagiwa maji asubuhi na jioni wakati sisi mtaani tunanunua maji ya mkokoteni. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, hakina dirisha, kina meza, swichibodi, kompyuta na picha ya kalenda. Mgeni akiinua simu chumbani kwake, anayejibu ni dada. Akitaka dobi, akitaka daktari, akitaka kuamshwa alfajiri aende kupiga mbizi, ni dada. Akipiga mayowe kwamba kima ameingia barazani na kuondoka na mkate wake, ni dada vilevile. Alijua kima wa upande wa bwawa hufukuzwa na nani na wa upande wa bahari na nani, na alijua kwamba wafukuzaji hao wawili hawasemezani, kwa hiyo usimtume mmoja kwenye eneo la mwenzake. Alijua fundi gani wa umeme ukimwambia "haraka" hununa akapotea mpaka magharibi. Wala hakuna aliyempigia, mgeni au mfagizi, asisalimiwe kikamilifu kwanza. Wageni walikuwa wakirudi mwaka wa pili wakauliza mapokezini, yule mwanamke wa simu yuko wapi, tumwone sura.

Simsifu kwa kuwa ni dada yangu. Nina ndugu wengine na siwasifu.

Kisha yakaja macho. Presha ya macho haipigi hodi. Humla mtu kutoka pembeni, na akija kutambua, pembeni hakuna tena. Daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kidogo cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hata hapo katikati maandishi ya kompyuta yalikuwa ukungu mtupu. Hotelini hakumwambia mtu. Namba za ndani alikuwa nazo kichwani zote, lakini majina ya wageni hubadilika kila siku, na hayo yalikuwa kwenye kioo. Akawa anawauliza wa mapokezi kwa visingizio. Mara miwani imesahaulika nyumbani, mara mashine imeganda.

Siku yake moja ya mapumziko alikuja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Akaniuliza habari za kazi, za mama, za bei ya wino, za jirani aliyejifungua. Kwetu hata anayeunguliwa na nyumba huanza kwa salamu. Halafu akasema kwa sauti ile ile, "Wakijua, watanitoa. Nina watoto wawili shuleni na mume ambaye kazi yake huja na kuondoka. Wewe unajua kuzungumza na mashine. Niandikie kitu cha kunisomea."

Nilimwambia inshallah. Nilisema kwa mdomo mwepesi, maana wakati huo nilidhani kuandika ndiko kazi. Kuandika si kazi. Kazi ni kuifikisha programu mahali inapotakiwa, ikafunguka, na ikafunguka tena kesho.

Nikamfuata hotelini nikijifanya nimempelekea chakula, nikaitazama ile kompyuta yake. Ilikuwa kuukuu, chumvi ya bahari imeshakula skrubu za nyuma. Haikuruhusu kusakinishwa chochote, yaani kuitia programu ndani ya mashine ikaota mizizi, bila nywila iliyokuwa kwa mafundi wa makao makuu Nairobi. Mtandao haukufika kwenye meza ile. Mtumiaji wake haoni kipanya kiko wapi. Na juu ya hayo, dada alikuwa na sharti lake. Mwaka uliopita programu ya kuwekea nafasi za vyumba ilizimika hoteli nzima kwa sababu mtu fulani huko ng'ambo aliamua kuizima, wageni wakasimama mapokezini na mabegi, na waliotukanwa ni wale walioshika simu.

"Usiniletee kitu cha kuzimwa na mtu aliye mbali," aliniambia. "Nikizimiwa mimi siku moja, nimekwisha."

Nilimpigia jamaa niliyesoma naye chuoni, ambaye sasa anaandika programu Nairobi na kunywa kahawa ya bei ya kuku. Nilimweleza shida yote. Alicheka.

"Manze, bado uko na ile lugha ya wazee? Hiyo ni ya museum. Tumia hii nakutumia link. Ni kama kutengeneza website tu, halafu unapackage, unaship. Easy, sis."

Hilo neno ndilo linalonifanya nishike mkoba wangu. Lakini nilijaribu, sikutaka kiburi changu kimkoseshe dada kazi. Programu ilipokamilika, kumbe ndani yake imebeba kivinjari kizima cha mtandao ili ionyeshe visanduku vitatu na kitufe kimoja. Ni kama mgeni uliyemwalika chakula akaja na jiko lake, kitanda chake na mbuzi wake. Kwenye kompyuta ya dada ilichukua muda mrefu kufunguka hata yeye akawahi kumsalimu mgeni, kumuuliza usingizi ulikuwaje, na kuombwa radhi na mgeni kwa kumsumbua, na kioo bado kinazunguka.

Nikajaribu ya pili, ya kampuni kubwa. Hiyo ilikuwa nyepesi, nikafurahi. Kumbe haiendi popote mpaka kwanza usakinishe mtambo wake wa kuiendeshea, na kusakinisha ni nywila, na nywila iko Nairobi. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sura, vitufe vyake vya mviringo vinang'aa. Lakini vitufe hivyo ilivichora yenyewe, kama mchoro ukutani. Kisomaji cha skrini, ile sauti ya kompyuta inayomsomea asiyeona, kilipopita juu yake hakikukuta kitu cha kusoma. Mwenye macho aone kitufe, asiye na macho akute ukuta mtupu. Niliifuta kwa hasira, kisha nikatoka nje nikanunua viazi vya karai nikavila nimesimama, maana ndani ya duka nilikuwa karibu kutupa kitu.

Basi nikarudi kwenye lugha ya wazee. Nilifundishwa Mombasa, na hata wakati huo wenzangu walikuwa wanaicheka. Sura yake ni ya miaka ya nyuma, vitufe vya kijivu, hakuna cha kumvutia mtu. Lakini ukimaliza kuandika, inakupa faili moja. Moja tu. Ndogo, unaitia kwenye flashi, unaichomeka, unabonyeza, imefunguka. Haisakinishwi, haiulizi mtandao, haihitaji mtambo mwingine, haiombi ruhusa ya mtu. Na kwa kuwa inatumia vitufe na visanduku vya kompyuta yenyewe, kila kitu kinasomeka. Hakuna mtu wa Nairobi wala wa ng'ambo ambaye angeweza kuizima. Nilikuwa nimemjengea dada yangu mlango ambao funguo zake ziko ndani.

Kilichobaki kilikuwa ni kuijaza. Majina ya wageni yaliingia kwa faili ambayo mapokezi waliitoa kila asubuhi; dada aliandika herufi mbili tatu, na sauti ikamsomea sikioni. Lakini sauti ya kompyuta ilikuwa ya Kizungu, na ilivyokuwa ikiyatamka majina ya wafanyakazi wetu ungelia. Kwa hiyo ya wafanyakazi tuliyarekodi kwa sauti yake mwenyewe, dukani kwangu, feni imezimwa. Tulipofika kwa mlinzi wa geti la pili, dada akanyamaza mbele ya maikrofoni. Mlinzi huyo ana jina moja na baba mkwe wa dada. Kwetu mke hatamki jina la mkwe. Hata mwanawe wa kwanza, aliyepewa jina la babu yake, dada humwita Baba, na mwalimu wa chekechea aliwahi kudhani hajui jina la mtoto wake.

"Sema tu mimi nirekodi," nikamtania. "Mkwe hayupo hapa."

"Mungu yupo," akasema. "Mwite Mzee wa Geti la Pili."

Akarekodiwa hivyo, na hoteli nzima ikaja kumwita hivyo.

Tena hakutaka namba peke yake. "Usiandike namba tu," alisema, "andika na mtu." Basi kila namba nikaiwekea kisanduku cha maelezo, na dada akawa anasema nami naandika. Dobi wa zamu ya asubuhi, muulize mguu kwanza. Fundi wa umeme, usimwambie haraka, mwambie ukipata nafasi. Kima wa bwawa, huyu. Kima wa bahari, yule. Mpishi mkuu, usimpigie wakati wa mchana, mpigie msaidizi wake. Miaka yake yote ya kile chumba kisicho na dirisha niliimimina mle ndani, na faili haikunenepa hata kidogo.

Siku ya kwanza tuliyoichomeka, kinga ya virusi ya hoteli iliila. Programu ndogo, haina muhuri wa kampuni inayojulikana, basi ni mhalifu. Muhuri huo hununuliwa kwa wakubwa wa ng'ambo, na kila mwaka unanunua tena. Nimeona programu za ovyo zenye uzito wa lori zikipita getini kwa muhuri wao, na yangu, safi kama sahani iliyooshwa, ikatupwa kama samaki wa mama asiye na leseni. Ili iruhusiwe, ilibidi meneja aseme na mafundi wa Nairobi. Na ili meneja aseme, ilibidi dada afunue habari za macho.

Meneja ni mtu wa pwani hii hii. Nalisema hilo makusudi, maana watu wa kwetu tuna tabia ya kudhani dhuluma huja kwa gari kutoka bara. Kiswahili chake ni asali. Alisimama dada alipoingia, akamvutia kiti.

"Dada yangu, ungeniambia mapema. Sisi si watu wa kufichana. Maradhi huletwa na Mwenyezi Mungu, na dawa huleta Yeye."

Siku ile ile akapiga simu Nairobi, na programu ikaruhusiwa. Nilirudi Ukunda kwa tuktuk nikilia, na dereva akanizimia redio akidhani nimefiwa.

Dada alifanya kazi kwa raha. Msimu wote wa wageni alijibu simu kama zamani, na hata zaidi, maana hofu ilimtoka. Ramadhani ilipoingia akamwalika meneja kufuturu nyumbani kwake, njia ya kwenda Msambweni. Uji ulikuwepo, na tambi, mahamri, mihogo ya nazi, na samaki ambaye mumewe alimtafuta tangu asubuhi. Nami nilikwenda, na kwenye mkoba nilikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe. Maneno yake yalikuwa machache: programu hii ni mali ya huyu mwanamke, na hoteli itaitumia maadamu yeye ndiye anayekaa kwenye kile kiti. Nilitaka meneja atie sahihi.

Dada aliishika karatasi karibu na pua, akanivuta jikoni.

"Utamtolea mtu karatasi naye ana tonge mkononi?"

"Mali bila daftari hupotea bila habari, dada."

"Hiyo ni ya madukani. Hapa ni nyumbani. Mtu amekula kwangu, mimi nimwandikishe? Ndiyo kumwambia usoni kwamba wewe ni mwizi."

Nikaikunja. Wala sikubishana sana, maana nami nimelelewa nyumba ile ile. Tungeandikiana ofisini, ingekuwa biashara. Kuandikiana juu ya mkeka wa futari ni kuwatukana waliokupikia. Wala ofisini tusingeweza, kwa sababu ofisini tayari alikuwa ametuita dada zake. Ustaarabu wetu una milango mingi ya kuingilia na hauna hata mmoja wa kutokea.

Meneja alinawa mikono akashukuru, akaniombea na mume mwema ilhali sikumwomba. Halafu akauliza, kama mtu anayezungumza tu, "Hii programu yako, na kwenye kompyuta ya mapokezi yaweza kufanya kazi?"

"Popote, bwana," nikasema kwa majivuno. "Unakopi faili moja tu. Hata mtu asiyejua kitu anaweza."

Nilimwambia mwenyewe. Alitikisa kichwa, akachukua hamri jingine.

Msimu ulipokwisha na hoteli ikaanza kupunguza watu, dada aliitwa ofisini. Hakufukuzwa. Watu kama wale hawafukuzi. Aliambiwa macho ni amana, asiyachoshe, apumzike kwa heshima. Binti mmoja wa mapokezi angekaa kwenye simu kwa muda. Wakamfanyia hafla ndogo, wakampa keki na doti moja ya leso, na wale wafukuza kima wawili wakaja wote, kila mmoja akasimama upande wake. Alipofika nyumbani aliniletea kipande cha keki, na mimi nikawatupia kuku wa jirani.

Kesho yake nilikwenda kwa meneja. Aliniagizia juisi ya ukwaju kabla sijafungua mdomo.

"Dada yangu, hakuna aliyemtoa. Na wewe, wallahi, kazi uliyoifanya ni baraka. Huyu binti amekaa siku ya kwanza tu, tayari anajua kila mtu na namba yake na mguu unaomuuma. Zamani ingetuchukua miaka kumpata mtu kama yule."

"Programu ile niliiandika kwa ajili ya dada. Ni ya kwake. Aliyemo mle ndani ni yeye."

Alinitazama kwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Akauliza polepole, "Kwani tuliandikiana?"

Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema ulikula kwake. Lakini neno hilo ukilisema kwa sauti ni wewe unayeaibika, si aliyekula. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na walisema mapema sana, lakini kwa sauti ndogo. Niliiacha juisi pale na kibarafu chake. Ndiyo dhuluma pekee niliyoweza kumfanyia.

Nikarudi dukani nikafunga mlango nikaanza kutafuta namna ya kuizima ile programu. Nilipekua msimbo wangu wote kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga, na nilijua hakuna. Haiulizi mtandao, kwa hiyo hakuna mahali pa kuikatia. Haina tarehe ya mwisho. Haitegemei kitu chochote kilicho mikononi mwangu. Nilimpigia yule jamaa wa Nairobi, nikamweleza, safari hii hakucheka.

"Ungetumia ile yangu," alisema, "ingedai ruhusa yako kila mwezi, na saa hii ungeinyima ukiwa umekaa hapo kwako."

Kweli tupu, na nilimkatia simu kwa sababu hiyo. Nilichagua zana ile ili asitokee mtu wa kumzimia dada yangu. Na sasa hakuwepo mtu wa kuwazimia wao.

Ningependa kusema dada naye alikasirika. Hasira yetu ikiwa mbili ingekuwa na joto. Lakini yule binti alianza kumpigia simu. Ni mtu wa bara, mwenye adabu zake za kule, na sikuwahi kumchukia ingawa nilijitahidi.

"Aunty, shikamoo. Pole kukusumbua tena. Kuna mgeni wa room ya juu, yule mama mzee, anapiga kila asubuhi na hana shida yoyote. Nafanyaje? Nimtransfer kwa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Usimpeleke kwa mtu. Muulize kama ndege wameimba. Mwache aseme. Akinyamaza, mwambie siku njema."

Kila asubuhi palikuwa na swali. Mgeni anayelia. Harusi inayotaka vyumba vya karibu karibu lakini mama wa bibi harusi awe mbali. Jenereta linapowashwa, ni nani apigiwe kwanza. Mambo ambayo hayakuwemo kwenye programu, kwa sababu dada hakuwahi kujua kwamba anayajua. Na dada, baada ya chai tu, alikuwa ameshaoga, amevaa dera lake safi, amekaa karibu na simu. Akijibu, ilikuwa sauti ile ya hotelini, sio ya nyumbani. Watoto walijifunza kunyamaza. Mumewe alitoka nje na kikombe chake.

Niliumia kumwona. "Wanakutumia bure," nilimwambia. "Wamekutoa kwenye kiti, na bado unawafanyia kazi."

"Namsaidia mtoto wa mtu."

"Unamsaidia meneja."

"Meneja hapigi simu," akasema. Kisha akaniomba jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka haya maswali ya binti niyatie kwenye programu, na majibu yake, ili binti asihangaike mbele ya wageni. Sehemu mpya, ukiandika neno, inakusomea la kufanya.

Nilikataa. Nilisema mengi, mengine sitayaandika. Nilisema sitaongeza hata herufi moja kwenye kitu kilichomtoa kazini. Nilisema asante ya punda ni mateke, na yeye anarudi kumshika punda miguu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Uliiandika kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kile chumba," akasema. "Mtu huyo sasa si mimi. Lakini chumba ni kile kile, hakina dirisha. Mimi nakijua."

Nikaifanya. Si kwa ajili ya binti, na kwa meneja sikufanya hata kidogo. Niliifanya kwa sababu dada aliniomba, na kwetu mkubwa haombi mara mbili. Na kwa kuwa sijui kufanya kazi nusu nusu, hata nikiwa na kinyongo, niliifanya vizuri. Tulikaa barazani kwake, yeye anasema, mimi naandika. Mama mzee na ndege wake. Mgeni anayelia. Jenereta. Nilimchimba kwa maswali, na kila alichodhani kwamba si kitu nilikiandika. Ile lugha ya wazee ikatoa faili yake, moja, nyepesi, haihitaji ruhusa ya mtu. Binti mwenyewe alikuja kuichukua na flashi, akaleta maembe, akambusu dada mkono.

Alipiga asubuhi ya pili kushukuru. Alisema sasa hana wasiwasi tena, kila kitu kimo. Dada alimwambia asione haya, likitokea swali lolote apige, saa yoyote.

Swali halikutokea. Siku za kwanza dada aliendelea kuoga mapema na kuvaa. Alimtuma mtoto aangalie kama simu ina chaji, na kama mtandao upo. Simu ilikuwa na chaji. Siku hizi huvaa dera la nyumbani, lakini bado anakaa pale pale, na nikimtembelea hunikaribisha upande wa pili wa meza ili nisimfunike simu.

Juzi aliniambia, bila chuki yoyote, "Lazima ile programu inafanya kazi vizuri sana."

"Vizuri sana, dada," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema, akaisogeza simu karibu kidogo.